Bonde Lisilo na Mizabibu

Bonde la Ewaso Ng'iro halina mizabibu. Nalisema mapema kwa sababu mwenzetu mmoja, aliyewahi kwenda Stellenbosch na hajaacha kutukumbusha, aliipa safari yetu jina la "ziara ya kuonja", na jina likashika. Tulikuwa sita pamoja na dereva, kwenye Land Cruiser ya kukodi. Mpango ulikuwa rahisi: tulale Garbatulla, tuamke alfajiri, tupitie Modogashe hadi Sericho tukionja maziwa kila tutakapompata wa kutupa au kutuuzia, halafu turudi kabla ya giza. Kule ng'ambo watu hulipa pesa ndefu kuzungushwa kwenye mabonde ya mito, Loire, Douro, Mosel, wakipewa glasi baada ya glasi huku wakielezwa udongo, jua na miaka. Sericho ni mji wa Waislamu, divai huulizii hata kwa utani. Lakini udongo upo, jua lipo la kumwaga, na miaka ipo. Hasa miaka.

Mto wenyewe huanzia mbali, Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Hupita Laikipia, hukata mbuga za Samburu, Buffalo Springs na Shaba zenye mahoteli ya watalii, hufika Merti, kisha huchoka. Upande wa Sericho hutawanyika na kuwa kinamasi kiitwacho Lorian. Mafuriko yakiwa makubwa, maji huendelea kwenye mkondo wa Lagh Dera kuelekea Somalia. Kiangazi kikikaza, mto hukauka hata kabla ya kufika Lorian. Waborana huuita Waso tu, na wao wenyewe huitwa Waborana wa Waso. Chini ya ardhi kuna maji mengine, hifadhi ya Merti, na hayo ndiyo yamekuwa yakiinywesha kambi ya Dadaab miaka yote hii. Yaani bonde linaloonekana kavu limebeba mamia ya maelfu ya watu wasiolijua hata jina lake.

Mtu wa kwanza kuandika kitabu kuhusu kushuka mto huu kama ziara alikuwa Mmarekani. William Astor Chanler alikuwa na miaka 25 na pesa za ukoo wa Astor alipoondoka pwani mwaka 1892. Alikuwa na Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la majini la Austria, pamoja na wapagazi zaidi ya mia, wengi wao wakiwa wameajiriwa Zanzibar. Habari alizozisikia ni kwamba Lorian ni ziwa kubwa. Walipofika wakakuta matete, tope na maji yasiyo na kina. Ziwa hakuna. Maporomoko yaliyo chini ya Shaba yakabaki na jina lake hadi leo, Chanler's Falls, na von Höhnel akaja kujeruhiwa vibaya na kifaru. Baadaye wapagazi walichoka na yule tajiri, wengi wakamtoroka. Mimi hadithi hii naipendea hao wapagazi. Kiswahili changu cha Nairobi, ninachoombea maziwa kando ya barabara, kilifika huku kwanza kwa miguu yao, na hakuna hata poromoko moja lenye jina la mmoja wao.

Waingereza walipofuata, walilifunga eneo zima. Kwa sheria ya mwaka 1902 ya wilaya za pembezoni, mgeni hakuruhusiwa kuingia bila kibali, na kufikia 1934 ikaongezwa nyingine iliyowapa maafisa nguvu za kupangia makabila mahali pa kulishia na pa kutopita. Mistari ikachorwa. Waborana wengi walikuja kutulia kwenye bonde hili katika miaka hiyo ya 1930, upande wa Wasomali ukawa kule. Sita sisi, na gari letu na stori zetu, wakati huo tungerudishwa Isiolo.

Kikombe cha kwanza tulikipata kando ya barabara, kwa vijana wawili waliokuwa wakisubiri gari na mitungi ya plastiki ya manjano. Maziwa ya ngamia, ya asubuhi ile ile. Dereva alikuwa ametuonya tangu Garbatulla: yule wa Stellenbosch asijaribu yale mambo ya kusukutua na kutema. Maziwa huku hayatemwi mbele ya aliyekupa, labda kama unataka kurudi kwa miguu. Tukameza.

Ladha ya kwanza ni moshi. Mtungi ukishaoshwa hufukizwa kwa kijinga cha mti wa porini, ili maziwa yasiharibike upesi kwenye joto hili, na moshi ule hukaa hadi kikombeni. Baada yake inakuja chumvichumvi nyepesi, kwa sababu ngamia hula vichaka ambavyo ng'ombe hata havitazami. Ni mepesi, hayana ule utando wa mafuta mdomoni. Yakikaa na kuchachuka huitwa suusa, makali zaidi, ya kukunja uso mara ya kwanza na kuomba tena mara ya pili. Mitungi kama ile huenda Isiolo mjini, ambako akina mama, wengi wao Wasomali, wameijenga biashara hii kwa miaka. Kuna ushirika wao uitwao Anolei. Kutoka Isiolo maziwa hupandishwa basi, na siku hiyo hiyo yako Eastleigh. Ukiwa umewahi kunywa chai ya maziwa ya ngamia pale Eastleigh, umeshalionja bonde hili bila nauli.

Ila kuna swali linalokaa kwenye kikombe hicho. Gudrun Dahl, mwanaanthropolojia wa Uswidi aliyeishi na Waborana wa Waso katika miaka ya 1970 na kuandika kitabu juu yao mwaka 1979, aliwakuta watu wa ngamia waliobaki na ngamia wachache mno. Makadirio yanayonukuliwa sana yanasema wilaya ya Isiolo ilikuwa na ngamia kama 200,000 mwaka 1963. Kufikia 1970 walikuwa wamebaki kama 6,000. Mbuzi na kondoo walitoka kama 500,000 wakashuka chini ya 40,000. Hata ukizitilia shaka hizo hesabu, na mifugo ya wafugaji haijawahi kuwa rahisi kuhesabu, pengo ni lile lile. Ukame peke yake haufanyi hivyo kwa ngamia. Ng'ombe ndiye hufa kwanza. Ngamia ndiye hubaki.

Anzia Nairobi, tafadhali. Pale katikati ya jiji, kutoka Kenyatta Avenue, kuna mtaa unaitwa Wabera. Wengi wetu tumekutania pale mara mia bila kujiuliza Wabera ni nani. Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mborana, mkuu wa wilaya wa Isiolo, mmoja wa Waafrika wa kwanza kupewa cheo hicho. Juni 1963, miezi michache kabla ya uhuru, aliuawa kwa risasi pamoja na chifu Hajji Galma Dido wakiwa kwenye ziara ya kuwashawishi watu wabaki Kenya. Mwaka uliotangulia tume ya Waingereza ilikuwa imezunguka kaskazini na kukuta wengi wanataka kujiunga na Somalia. Isiolo ilikuwa imegawanyika. Waingereza wakasikiliza, wakaandika, wakaondoka. Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na kabla ya mwezi kuisha serikali mpya ilikuwa imetangaza hali ya hatari kaskazini.

Vita vile vinaitwa vya shifta, neno lenye maana ya jambazi, na mimi nadhani jina lenyewe lilikuwa nusu ya vita. Ukimwita mtu jambazi huhitaji kuzungumza naye. Waasi walitega mabomu barabarani, waliua raia na polisi, hilo halifichiki. Jibu la serikali lilikuwa kuwakusanya wafugaji vijijini chini ya ulinzi, Garbatulla, Merti na kwingineko, kwa mtindo ule ule Waingereza waliowafanyia Wakikuyu miaka ya 1950. Ni ajabu jinsi somo lilivyoshikwa haraka. Mfugaji akifungiwa mahali pamoja, mifugo humaliza majani ya karibu kwa wiki chache, kisha maradhi huingia. Waliokutwa nje ya mipaka walihesabiwa kuwa adui, watu na wanyama. Na ngamia alikuwa na kosa la ziada: ndiye aliyebeba mizigo ya waasi. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 ina ushuhuda wa mauaji na wa mifugo iliyopigwa risasi au kutwaliwa.

Waborana wana jina lao la kipindi hicho: Daba. Maana yake ni kusimamishwa, wakati ambapo kila kitu kilisimama. Linganisha na "shifta". Jina moja linamtaja mhalifu, lingine linataja lililompata mtu.

Tulifika Sericho jua likiwa limepanda. Mji mdogo, msikiti, maduka, punda wa maji, upepo wenye vumbi laini kama unga. Mwenyeji wetu alitupeleka kwa mama mmoja mzee. Sisi tulimwita mama, dereva alimwita ako, nyanya, na akajibiwa kwa dua ndefu kuliko tuliyoipata sisi wote. Kwanza tukaletewa buni, mbuni mzima uliokaangwa kwenye samli, unatafuna na maziwa ya moto juu yake. Halafu likaja ititu, na hapa yule wa Stellenbosch alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu Nairobi.

Ititu ni maziwa ya ng'ombe yaliyogandishwa kwa siku nyingi ndani ya chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mimea, kikafukizwa, maji yakapunguzwa na maziwa mapya kuongezwa tena na tena. Si mala ya paketi. Ni mazito, yanakatika kwa kijiko, chachu yake ni ya pole, na moshi uko nyuma kabisa, kama mtu aliyesimama mlangoni. Chombo chenyewe ni kazi ya miezi. Mwanamke hupewa na mamake anapoolewa, na hakioshwi kwa sabuni hata siku moja, kwa hiyo ladha ya maziwa ya miaka iliyopita imo humo humo.

Niliuliza chombo kina umri gani. Akasema kilisukwa kabla ya Daba. Kilikuwa cha mamake, na kilikuwa cha maziwa ya ngamia. Alikuwa msichana walipohamishwa. Mamake alibeba vyombo mgongoni kwa sababu mnyama wa kubeba hakubaki, na kwa muda mrefu vilining'inia vikavu, vikifukizwa tu ili visiliwe na wadudu. Kufukiza chombo kisicho na maziwa: hilo alilirudia mara mbili, na mara ya pili alicheka kidogo. Sikujua niangalie wapi.

Vita viliisha kwa mkataba wa Arusha, Oktoba 1967, mpatanishi akiwa Kenneth Kaunda wa Zambia. Kaunda Street iko hatua chache kutoka ule mtaa wa Wabera. Jiji limeiandika historia hii ukutani, sisi ndio tunapita tukitafuta matatu. Mwaka 1970 bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa usalama: hakuna ambaye angeweza kuishtaki serikali kwa yaliyotendwa kaskazini, Isiolo ikiwemo, tangu mwisho wa 1963 hadi mwisho wa 1967. Hapo ndipo kesi ya ngamia ilipofungiwa, kabla hata ya kufunguliwa. Na sheria za hali ya hatari zenyewe hazikuondolewa hadi 1991, miaka 24 baada ya amani.

Waliobaki bila mifugo walipewa mashamba ya kumwagilia kando ya mto, kama Malka Dakaa, na mengi hayakutosha kulisha familia. Wengine waliingia mjini. Katika miaka ya 1980 Oxfam ilijaribu kuwarudishia baadhi ya familia mbuzi na kondoo. Ngamia wamerudi polepole, wengi kwa mikono ya wafanyabiashara na wafugaji wenye mitaji. Ndiyo maana mama yule anakuza ng'ombe wawili na mbuzi, na maziwa ya ngamia ananunua. Ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua iliyogoma mfululizo, uliwarudisha nyuma tena wengi walioanza kusimama.

Juu ya mto, kilimo cha Laikipia na Mlima Kenya kinavuta maji kila mwaka, na mpango wa bwawa la Crocodile Jaw umezungumzwa kwa miaka pamoja na ndoto ya jiji la kitalii la Isiolo. Wa Sericho, walio mwisho wa bomba, wanasikia kuhusu mipango hii redioni. Tulipouliza kama wameulizwa, mwenyeji wetu alitaka kujua sisi tumetumwa na nani.

Kabla hatujaondoka nilitaka kununua lita mbili za ititu nipeleke Nairobi. Mama alikataa. Alisema lile lililobaki ni la mjukuu wake wa kike, anaolewa baada ya mwezi wa Ramadhani, na chombo kitaenda naye. Tukanunua suusa njiani, mtungi wa lita tatu, na yule wa Stellenbosch akaupakata magotini hadi Garbatulla.