Nani Mwenye Msitu? Ardhi na Madaraka Tangu Enzi za Watemi

Mwaka 1972 halmashauri za wilaya Tanzania Bara zilivunjwa, na za miji zikafuata. Mpango uliozirithi uliitwa Madaraka Mikoani, na uliandaliwa kwa ushauri wa McKinsey, kampuni ya Kimarekani ya washauri wa menejimenti. Jina lilikuwa tamu. Waliohamia mikoani walikuwa maofisa wa Serikali Kuu, kila mmoja akiwajibika kwa bosi wa juu yake, huku diwani akiwa amenyang'anywa kikao chenye meno. Mijini huduma zilizorota mpaka kipindupindu kikaingia, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Wa vijijini walisubiri sheria za 1982; halmashauri zao zilianza tena kazi mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alisema katika mahojiano kwamba, kama angeanza upya, asingevunja serikali za mitaa wala vyama vya ushirika.

Historia hii kwa kawaida husimuliwa kama habari ya vyeo na miundo ya ofisi. Naona inasomeka vizuri zaidi kwenye udongo na miti, maana huko ndiko amri ya ofisi inakofikia, ikaota au ikanyauka.

Tuanzie enzi za ukoloni wa Waingereza. Gavana Donald Cameron alipoleta sheria ya tawala za wenyeji mwaka 1926, alimkabidhi mtemi, yaani chifu, kazi ya kukusanya kodi na kuamua kesi. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza, wakihofia mmomonyoko wa udongo, walimwongezea mzigo mwingine: kulazimisha kilimo cha kisasa. Katika milima ya Uluguru wakulima waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi. Hofu ya mmomonyoko ilikuwa ya kweli, lakini kwenye miteremko mikali uchimbaji ule ulifukua udongo wa chini usio na rutuba, na mavuno yakapungua. Mkulima aliliona hilo msimu wa kwanza. Bwana shamba alikuwa na ratiba ya kutimiza. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mradi ukaachwa. Utemi wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1963, watu wengi wakiukumbuka kwa amri kama hizo.

Uhuru haukuondoa tabia ya kuamrisha. Huko Kondoa, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973, uliishia kuhamisha mifugo yote kutoka eneo lililoharibika mwaka 1979. Tuseme kweli: makorongo yalianza kuota majani. Aliyelipia uponyaji huo ni mfugaji aliyeswaga ng'ombe wake kwenda kwa watu wengine, na uzio wa namna hiyo unadumu kadiri mlinzi wake anavyolipwa. Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyoanza 1986, ilichagua njia nyingine. Wasukuma tangu zamani walikuwa na ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wapate chakula kiangazi. Mradi uliihuisha desturi hiyo, na dagashida, baraza la jadi, likasimamia adhabu kwa wavunjaji. Ngitili zilizokadiriwa kuwa hekta 600 hivi mwanzoni zilizidi hekta 300,000 katika muda usiofika miaka 20.

Mfano unaonivutia kuliko yote uko Babati. Msitu wa miombo wa Duru-Haitemba una hekta zipatazo 9,000, na umezungukwa na vijiji vinane. Serikali ilipotaka kuufanya hifadhi yake, wanakijiji walipinga, na wengine waliona heri wavune kabla mwenyewe mpya hajafika. Afadhali ule chako kuliko umwachie mgeni! Mwaka 1994 mpango ukageuzwa. Kila kijiji kilipewa sehemu yake, kikateua kamati na walinzi, kikaandika kanuni: wapi kuni zichukuliwe, wapi mifugo isipite, nani atozwe faini. Kanuni hizo zilipelekwa halmashauri ya wilaya zikapitishwa kuwa sheria ndogo, kwa nguvu ya sheria za 1982. Yaani karatasi iliyotokana na kufufuliwa kwa halmashauri ndiyo iliyompa mlinzi wa kijiji haki ya kumkamata mchoma mkaa. Uzoefu wa Babati ulichangia Sheria ya Misitu ya 2002, inayoruhusu kijiji kumiliki msitu na kubaki na mapato yake.

Wakati huo mageuzi makubwa ya serikali za mitaa, yaliyotangazwa 1998 kwa jina la ugatuaji, yalikuwa yameanza. Yaliahidi madaraka, watumishi na fedha kwa halmashauri. Madaraka yalishuka kiasi. Mkurugenzi wa halmashauri, hata hivyo, ameendelea kuteuliwa na Rais, na fedha zimekuwa na mkondo wake. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa, watu wakashangilia, na sielewi nani asingeshangilia. Ila halmashauri zilizidi kutegemea ruzuku kutoka Hazina. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Kijiji chenye msitu kinaweza kutoza faini na kuitia kwenye daftari lake; mtaa wa mjini, wenye wakazi wengi zaidi na takataka nyingi zaidi, hauna daftari la aina hiyo.