Siku ya Kuzaliwa ya Merikebu Liemba

Katika mji wa Dar es Salaam, na hasa katika mitaa ya Kariakoo, imekuwa desturi jamaa kumfanyia mtoto karamu siku ile aliyozaliwa. Wengine hupika pilau nyumbani, basi. Wengine humchukua mtoto pamoja na nduguze wakavuka maji kwa pantoni mpaka Kigamboni, au wakapanda mashua kwenda kisiwa cha Bongoyo kupunga upepo. Wazee wetu hawakuzihesabu siku hizo. Mtu aliambiwa kwamba alizaliwa mwaka wa njaa au mwaka wa nzige, ikatosha. Lakini watoto waliosoma hupenda kuuliza, na swali lao moja lilitupendeza: je, katika nchi yetu iko merikebu ya moshi ya zamani ambayo mtu aweza kuipanda siku ya furaha yake?

Iko moja iliyo mashuhuri, ila haikai Dar es Salaam. Ni Liemba, merikebu ya ziwa Tanganyika. Hata hivyo mtu wa Kariakoo ana haki ya kuulizia habari zake, maana ilipita mlangoni pake ikiwa bado ndani ya masanduku; tena merikebu ile na mtaa ule ulivyopata jina lake ni mambo ya vita vile vile.

Liemba iliundwa na Wadachi mwaka wa 1913, katika kiwanda cha Meyer kilichoko Papenburg. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Goetzen, kwa kumheshimu yule aliyekuwa gavana tangu 1901 mpaka 1906, ambaye katika siku zake vilizuka vita vya Maji Maji. (Wenyeji wa ziwa hawakuulizwa kama jina hilo lawapendeza.) Ilipokwisha kuungwa ilifunguliwa tena kipande kwa kipande, ikatiwa katika masanduku yapata 5,000, ikapakiwa Hamburg kuja kwetu. Mafundi watatu wa Papenburg walifuatana nayo: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Majina yao yamehifadhiwa, nasi twafurahi kwamba yamehifadhiwa.

Lakini tufikiri kidogo juu ya masanduku yale. Siku zile bandari ya Dar es Salaam haikuwa na gati la kufungia meli kubwa. Magati hayo yalikuja katika miaka ya 1950. Shehena yote iliteremshwa katika matishari, ikaletwa pwani, ikapandishwa kwa mikono na mabega ya watu. Kisha ikapakiwa katika gari la moshi. Na reli nayo ilikuwa kazi ya mikono: ilianzwa Dar es Salaam mwaka wa 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwaka wa 1914, mwendo wa kilometa 1,250 hivi. Majina ya walioinua masanduku yale hatuyajui hata moja.

Kigoma vipande viliunganishwa upya kwa misumari ya ribiti, na tarehe 5 Februari 1915 chombo kikashushwa majini. Urefu wake ni kadiri ya meta 71. Msomaji ambaye hajapata kuona merikebu ya moshi na afikiri sufuria iliyofunikwa sana juu ya moto: mvuke ukikosa njia huinua kifuniko. Ndani ya merikebu, maji huchemshwa katika birika kubwa la chuma, na mvuke wake huongozwa katika bomba hata usukume vyuma vinavyokwenda na kurudi. Vyuma hivyo huzungusha mhimili, na mhimili huzungusha rafadha iliyo nyuma chini ya maji. Haina kelele nyingi kama mashine za mafuta. Lakini hula kuni au makaa bila kushiba, na mchocheaji wake hukaa katika joto kali kupita la tanuru la mkate.

Ilizaliwa vita vikiwa vimekwisha anza, wala haikupata kuwa chombo cha furaha. Mwezi wa Julai mwaka ule wa 1915 manowari ya Wadachi Königsberg iliangamia katika mto Rufiji. Mizinga yake ikaopolewa, ikakokotwa kwa kamba na watu mpaka Dar es Salaam, na mmoja ukapelekwa kwa reli Kigoma ukawekwa juu ya Goetzen. Waingereza nao walileta mashua mbili za mota, Mimi na Toutou, kutoka Afrika ya Kusini, kwa reli na kwa njia ya misitu na milima, zikivutwa na mashine, ng'ombe na watu. Kila chombo cha ziwa lile kilibebwa na watu kabla hakijawabeba watu.

Wabelgiji walipoukaribia Kigoma, Wadachi waliona afadhali waizamishe wenyewe. Wale mafundi, kwa kuipenda kazi ya mikono yao, waliipaka mitambo mafuta mazito ili kutu isiile, na tarehe 26 Julai 1916 ikazamishwa karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Baada ya siku arobaini kamili, tarehe 4 Septemba, Waingereza waliingia Dar es Salaam.

Hapo ndipo Kariakoo ilipopata jina lake. Ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, upande wa wenyeji, Wadachi walikuwa wamejenga jengo la soko kabla ya vita. Waingereza walilitumia, pamoja na uwanja wake, kuwa kambi ya jeshi la wapagazi, ambalo kwa lugha yao liliitwa Carrier Corps. Midomo ya watu ikalilainisha jina hilo likawa Kariakoo. Huko Nairobi pia uko mtaa wenye asili hiyo hiyo, nao huitwa Kariokor.

Wapagazi hao waliandikwa kwa mamia ya maelfu, wengine kwa hiari na wengi kwa kukamatwa vijijini. Gari halikuweza kupita katika njia za Rufiji na Mahenge, na ndorobo waliwaua punda na ng'ombe; kwa hiyo risasi, unga na hata vitanda vya mabwana vilikwenda juu ya vichwa. Watu waliozoea ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi wasioujua, tena mara nyingi haukuiva kwa kukosa kuni na nafasi, wakashikwa na kuhara damu. Waliouawa na ugonjwa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Wanahistoria hukadiria kwamba kwa upande wa Waingereza peke yake walikufa yapata 100,000. Na mishahara ya wengi waliokufa haikupata mwenyewe, kwa kuwa jamaa zao hawakutafutwa ipasavyo, au jina liliandikwa vibaya, au halikuandikwa.

Turudi ziwani. Wabelgiji waliiopoa merikebu, lakini mwaka wa 1920 tufani iliizamisha tena hapo Kigoma. Waingereza wakaipandisha tarehe 16 Machi 1924. Walipofungua mitambo waliikuta nzima, maana mafuta ya wale mafundi yalikuwa yamefanya kazi yake miaka yote ile. Tarehe 16 Mei 1927 ilianza safari kwa jina jipya la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini ya ziwa mwaka wa 1867. Hivyo mtu akitaka kuifanyia karamu atachagua siku gani kati ya hizo? Sisi twaona ile ya 1915, lakini hatutagombana na mtu.

Mwaka huo huo wa 1927, katikati ya Dar es Salaam, ilisimamishwa sanamu ya askari mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa katika maandishi yaliyo chini, ila aliyesimama juu ni askari peke yake.

Habari za vita vya ziwa zilimpa Mwingereza C. S. Forester hadithi aliyoitoa mwaka wa 1935, The African Queen, nayo ikafanywa sinema mwaka wa 1951. Mashua ya moshi iliyotumiwa katika sinema ile iliundwa Uingereza mwaka wa 1912, ikafanya kazi miaka mingi Uganda; kisha ikavushwa bahari mpaka Florida, Marekani, ambako ilitengenezwa mwaka wa 2012 ikaanza kupakia watalii. Huko, basi, mtoto aweza kupandishwa mashua ya Uganda kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa.

Liemba haikuhama. Katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke iliondolewa, ikatiwa ya dizeli, ikaendelea kupeleka watu, dagaa na magunia kutoka Kigoma hata Mpulungu, Zambia, kabla haijasimama miaka ya karibuni kwa matengenezo. Mwaka wa 1997 iliwarudisha Kongo wakimbizi maelfu kwa maelfu. Na mwaka wa 2015, ilipotimiza miaka 100, ghasia zilizuka Burundi, watu wakakimbilia kijiji cha Kagunga kilicho chini ya milima, kisichokuwa na barabara ya gari. Liemba ikatumwa kuwachukua. Kagunga haikuwa na gati. Merikebu ilisimama mbali kidogo na ufuko, na watu wakaifuata kwa mitumbwi, mama na watoto wao, na mizigo yao.