Kula na kubungua

Mbuni wa robusta nchini Uganda unapokauka vitawi, ukikipindua kimoja utaona kwa chini tundu dogo mithili ya lililochomwa na pini. Wengi husema mdudu ameula mti. Kitenzi kinachofaa ni kubungua, na tofauti hiyo si ya mapambo. Mbawakawa jike wa jenasi Xylosandrus hatoboi kwa njaa: huingia na mbegu za kuvu, huzipanda kwenye kuta za handaki lake, na watoto wake hula kuvu, si mti. Hata jenasi yenyewe hutambuliwa kwa alama ya ukulima huo: kishungi cha nywele nyuma ya kifua, yanapoanzia mabawa, penye mlango wa kifuko kinachobeba kuvu.

Watasema mkulima anahitaji dawa, si msamiati. Lakini “ameula” humtuma kunyunyizia majani, ilhali adui amejificha ndani, ambako dawa haimfikii kwa urahisi. “Ameubungua” humkumbusha kutafuta tundu, kukata kitawi na kukichoma moto. Neno likilenga, mkono nao hulenga.