Shule Zilifungwa, Damu Ikaisha: Kwa Nini Benki ya Damu Inakuhitaji Kabla Mambo Yachemke

Machi 2020 unaikumbuka vizuri. Tarehe 13 serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya. Siku chache baadaye shule zikafungwa, kafyu ikaingia, na kila msee akajifungia kejani. Lakini kuna kitu kingine kilikauka hapo na wengi wetu hatukunotisi: damu ya hospitali.

Damu ilikuwa inatoka wapi?

Kwa wanafunzi, buda. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya damu ya Kenya imetoka shule za upili na vyuo. Vijana wana afya, wako wengi, na unawapata wote pamoja. Sasa funga shule zote kwa wakati mmoja uone.

Shida ni kwamba ugonjwa mwingine haukuenda likizo. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hangojei korona iishe. Mtoto mwenye malaria kali, mgonjwa wa saratani, msee wa boda aliyegongwa usiku, wote bado walihitaji damu.

Si wangeweka nyingi kwa friji?

Hapo ndipo kuna noma. Damu si unga wa kuweka stoo. Chembe nyekundu hukaa kwa friji siku 35 hadi 42 tu. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, hukaa kama siku 5. Ni plazma pekee ikigandishwa ndiyo inaweza kufika mwaka. Yaani chembe nyekundu zilizotolewa Februari 2020 zilikuwa zimeekspaya kufikia katikati ya Aprili.

Je, ungepata korona ukitoa damu?

Korona hupitia hewa, na hakuna ushahidi kwamba inaambukizwa kwa kuongezewa damu. Hatari ilikuwa kukaa karibu na watu kwa foleni. Dawa yake ilikuwa kupeana saa za kufika, kuachanisha vitanda, kuvaa barakoa, na kumrudisha nyumbani yeyote mwenye homa. Sindano ni mpya kwa kila mtu, na hutupwa ukimaliza.

Nani anaweza kutoa?

Uwe na miaka 16 hadi 65, kilo 50 kwenda juu, na uwe unajiskia fiti. Watakupima kiwango cha damu kwanza. Wanachukua mililita 450, haifiki hata nusu lita. Mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Kunywa maji na ule kabla ya kwenda.

Usingoje posti ya WhatsApp

Sisi huwa tunakimbia kutoa damu wakati mtu wetu ako wodi. Poa, lakini damu yako haiingii kwa mgonjwa hapo hapo. Lazima ipimwe Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Kwa hivyo damu itakayomwokoa mama usiku wa leo ni ile msee fulani asiyemjua alitoa wiki iliyopita.

Siku moja shule zinaweza kufungwa tena. Wewe uliyemaliza shule kitambo, mara ya mwisho ulitoa lini?