Nani Alimlisha Askari wa Tabora?

Kalewa ni mji mdogo ukingoni mwa mto Chindwin, katika nchi ambayo siku hizo iliitwa Burma na leo ni Myanmar. Desemba 1944 uliangukia mikononi mwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, watu waliokwisha kutembea miezi mizima katika matope na malaria ya bonde la Kabaw. Hapo wahandisi wakatandika daraja la vyuma lenye urefu wa futi 1,154, na wakati huo hapakuwa duniani daraja la aina yake refu kuliko hilo. Ndani ya divisheni hiyo, ambayo alama yake begani ilikuwa kichwa cha faru, kilikuwamo Kikosi cha 26 cha King's African Rifles, kikosi cha vijana wa Tanganyika. Vita vilipokwisha jina la mji ule likavuka bahari pamoja nao. Tanganyika ilipopata uhuru, kambi ya jeshi ya Tabora ilikuwa ikiitwa Kalewa.

Kwa hiyo mji usio na mto ulikuwa na kambi yenye jina la mji wa mtoni. Tabora haina mto wa kuringia. Ipo kwenye uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na maji yake ya mvua hutafuta njia polepole kupitia mbuga hadi Igombe, kisha Malagarasi, mwisho Ziwa Tanganyika. Visima na chemchemi ndivyo vilivyoulea mji, na kata moja mpaka leo inaitwa Chemchem. Jeshi kwa kawaida hutafuta mto, bandari au mlima. Hapa lilifuata njia panda: ya kwenda Ujiji, ya kwenda Karagwe na Buganda, ya kushuka pwani. Likaja, likakaa, na halijaondoka. Mkazi wa Isevya, Gongoni au Ng'ambo hashangai kukutana na gwanda, kama vile mtu wa Tanga asivyoshangaa kuona jahazi.

Waandishi wengi wa tarehe ya Tabora huuliza nani aliitawala. Mimi naona swali hilo limeshajibiwa vya kutosha. Lenye faida zaidi ni la jikoni: askari wa kila zama alikula kwa nani?

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, jina la Tabora ya wakati huo, Novemba 1857, walikuta nyumba za tembe zenye kuta nene, paa bapa na ua katikati. Mwenyeji wao alikuwa Mwarabu, Snay bin Amir. Walikaa wiki nyingi, kwa sababu hapo ndipo wapagazi wa pwani walipolipwa na wengine kutafutwa, na ndipo msafara ulipopumua. Waarabu walikuwa wamepanda mpunga, vitunguu na miembe. Wanyamwezi walikuwa na mtama, uwele na asali. Soko lilikuwa na chakula cha kutosha, na penye chakula cha kutosha hapakosi mtu mwenye bunduki. Tembe yenyewe ilijengwa kwa hofu. Mlango mmoja, madirisha machache au hakuna, mifugo ndani ya ua usiku.

Baada ya kufariki Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, utemi wenye mji huo, mrithi wake Mnywa Sele alitaka Waarabu walipe ushuru wa bidhaa zao. Wakakataa, wakamfukuza, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele akaingia porini na watu wake na kukata njia ya misafara kwa miaka. Snay aliuawa katika vita hivyo, na Mnywa Sele naye aliuawa mwaka 1865. Ushuru ule haukuwa tamaa tupu. Mtemi asiye na mapato hakuweza kuwashika vijana wenye magobori, na vijana wasioshikwa hujitafutia wenyewe.

Vijana hao ndio walioitwa ruga-ruga. Hawakuwa na mshahara. Walivaa vitambaa vyekundu, walivuta bangi, walikula walichoteka. Mirambo wa Urambo aliwajua kuliko mtu yeyote wa zama zake na akawatumia vizuri mno. Agosti 1871 Waarabu wa Unyanyembe walimwendea kwa jeshi kubwa, na Henry Morton Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta Livingstone, akajiunga nao kwa matumaini kwamba vita vingekwisha upesi na njia ya Ujiji ifunguke. Waliteka kijiji cha Wilyankuru, wakabeba pembe za ndovu na watumwa, wakaanza kurudi. Mirambo alikuwa amejificha nyasini. Waliokuwa wamelemewa na mizigo ya nyara ndio waliochinjwa kwanza. Tarehe 22 mwezi huohuo akaingia Tabora yenyewe, akaua Khamis bin Abdallah na watu wake, akachoma sehemu ya mji. Stanley alikuwa Kwihara, ametoboa matundu ya bunduki ukutani, akingoja. Mirambo hakufika huko, na Stanley akazunguka kwa njia ya kusini kwenda Ujiji.

Sultani Barghash akatuma askari kutoka Unguja, wengi wao wa kukodiwa. Wakala, wakagombana na wenyeji wao, wakarudi. Mirambo alibaki na nguvu zake mpaka alipofariki Desemba 1884.

Mtemi Isike, aliyeshika Unyanyembe baada ya Mkasiwa, alijaribu njia nyingine. Alijenga boma kubwa la kuta, lenye ghala la baruti na la nafaka, akatoza hongo misafara na kuweka watu wake karibu. Emin Pasha alipopandisha bendera ya Ujerumani mjini mwaka 1890, alipatana na Waarabu. Isike hakuihesabu bendera ile kuwa mkataba wake. Mwaka 1892 Wajerumani walijaribu kulivunja boma lake wakashindwa. Januari 1893 akaja Tom von Prince, ambaye watu wa bara walimwita Bwana Sakarani, akiwa na mizinga na askari wa Kisudani, Kizulu na Kiswahili. Boma lilipoingiliwa Isike akalipua ghala la baruti naye akiwa ndani. Hakufa papo hapo. Wajerumani wakamtoa kwenye kifusi akiwa anakata roho, na wakamnyonga hivyo hivyo.

Hapo mkono unaolisha ukabadilika. Askari wa Mjerumani alilipwa rupia, kila mwezi, kwa daftari. Rupia zile zilitoka kwa raia: kuanzia 1898 kila nyumba ilidaiwa kodi ya rupia 3, na asiyekuwa nazo alikwenda kuzitafuta kwa upagazi, kwenye mashamba ya pwani, au baadaye kwenye tuta la reli. Wengine waliona ni afadhali kuwa upande wa daftari, wakajiandikisha. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wengi sana katika jeshi lile. Boma walilojenga Wajerumani juu ya kilima lingali limesimama, na lingali mikononi mwa jeshi. Mpita njia haruhusiwi kulipiga picha.

Reli ya Kati ilifika mwaka 1912. Tabora wakati huo ilikuwa mji wenye watu wengi kuliko wote katika koloni.

Kisha vita vya 1914. Pwani ilipokuwa hatarini, serikali ya Gavana Heinrich Schnee ilihamia Tabora, na mji ukawa makao makuu ya nchi iliyozingirwa. Meli za Uingereza zilifunga bahari. Sarafu kutoka Ujerumani hazikuja tena. Hilo lilitisha zaidi ya mizinga, kwa maana askari asiyelipwa ni ruga-ruga. Wakachapisha noti za karatasi ambazo watu wa sokoni walizitazama kwa mashaka. Halafu, mwaka 1916, karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha fedha: heller za shaba nyeupe na nyekundu kwa maelfu, na juu yake sarafu ya dhahabu ya rupia 15, dhahabu ya machimbo ya Sekenke. Upande mmoja tai wa Ujerumani, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Wakusanyaji wa sarafu wanaililia hadi leo. Nadhani hakuna chombo kingine kinachoeleza jeshi la Tabora waziwazi kama sarafu hiyo: mafundi wa treni wakiyeyusha dhahabu ili bunduki zisigeuke.

Wabelgiji walikuja kutoka magharibi na kaskazini na Force Publique yao, askari wa Kongo chini ya Jenerali Charles Tombeur. Kulipiganwa Lulanguru na Itaga siku kadhaa. Usiku wa tarehe 18 Septemba 1916 Jenerali Kurt Wahle wa Wajerumani akatoa majeshi yake kuelekea kusini mashariki, na asubuhi ya tarehe 19 Wabelgiji wakaingia mjini, wakawafungulia Wazungu waliokuwa wamefungwa humo. Tombeur akapewa cheo cha ubaroni chenye jina la Tabora ndani yake, na katikati ya Brussels upo mtaa mdogo wenye jina hilo. Nafaka ya vijiji vya Unyamwezi ililiwa mara mbili katika msimu mmoja, na jeshi lililokimbia kisha na jeshi lililoingia, na wapagazi wakatwaliwa na pande zote. Mwaka uliofuata mji ukakabidhiwa kwa Mwingereza.

Zama za Mwingereza zilikuwa za shule zaidi kuliko bunduki. Shule ya serikali ya Tabora ilianza miaka ya 1920, na Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia 1937. Reli ya Mwanza ilikamilika 1928. Jeshi lilikuwa dogo, hadi vita vya pili vilipowapeleka vijana Somalia, Ethiopia, Madagaska na kwenye ule mto wa Burma.

Desemba 1961 vikosi viwili vya King's African Rifles viligeuzwa Tanganyika Rifles: cha kwanza katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, cha pili Kalewa, Tabora. Majina yote mawili yalikuwa ya mapigano ya Mwingereza. Maofisa karibu wote walikuwa Waingereza. Askari wa kawaida alipata shilingi 105 kwa mwezi. Miaka miwili ya uhuru ilipita na hesabu hiyo ikabaki palepale, wakati walimu na makarani wa rika lake walikuwa wakipanda vyeo vilivyoachwa na Wazungu. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 Colito ikaasi, ikidai shilingi 260 na maofisa Waafrika. Siku ya pili yake, Kalewa ikafuata.

Mara nyingi maasi yale husimuliwa kama jambo la Dar es Salaam: waziri Oscar Kambona akiwasihi askari, Rais Nyerere amefichwa, maduka yanavunjwa. Tabora hutajwa kwa mstari mmoja. Lakini Tabora ndiyo iliyoonyesha kuwa lile halikuwa wazimu wa kambi moja. Umbali ni zaidi ya kilomita 800 kwa reli, wanajeshi tofauti, dai lilelile. Maofisa wa Kiingereza wakaondolewa kambini, na mji, kwa siku chache, ukakaa na watu wenye silaha walioasi. Wazee waliokuwa wakikumbuka 1916 hawakuhitaji kuelezwa maana yake. Tarehe 25 makomando wa Uingereza walitua Colito kwa helikopta kutoka meli ya Centaur. Kalewa ikanyang'anywa silaha bila mapigano.

Tanganyika Rifles ikavunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likiongozwa na Mirisho Sarakikya, na vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU wakawa wengi katika waandikishwa wapya. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wazee waliosalia malimbikizo ya mshahara wa vita vya kwanza. Nusu karne ilikuwa imepita. Deni la askari halichakai.

Colito ikawa Lugalo, kwa kumbukumbu ya Wahehe waliomshinda kamanda wa Kijerumani von Zelewski mwaka 1891. Kalewa nayo ikaacha jina la Burma. Kambi ya Tabora ikaitwa Mirambo. Hapa lazima mtu acheke kidogo. Katika mji aliouchoma moto, Mirambo amepewa kambi, shule na barabara, huku Isike aliyefia humo akitajwa na wachache. Taifa jipya lilihitaji shujaa wa vita, na aliyeshinda mara nyingi alikuwa jirani wa Urambo.

Mwaka 1978, Idi Amin alipovamia Kagera, reli ya Tabora hadi Mwanza ilikuwa mojawapo ya mishipa iliyopeleka watu na zana mbele. Leo Tabora ni makao ya Brigedi ya Faru, na faru amerudi kwa wajukuu wa wale waliomvaa begani Burma. Mkoani humo pia kuna Msange, kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ambako vijana waliomaliza kidato cha sita hupelekwa kwa mujibu wa sheria tangu utaratibu huo ulipofufuliwa 2013.

Sasa mwelekeo wa chakula umegeuka kabisa. Askari halishwi na Isevya. Isevya ndiyo inayopata riziki kwa mshahara wake. Wanajeshi wanaoishi uraiani, kama wenyewe wanavyosema, hupanga vyumba, hununua mchele, huchukua nguo kwa mkopo dukani na kulipa mwisho wa mwezi. Fundi cherehani anajua tarehe ya mshahara wa mjeda bila kuangalia kalenda. Tumbaku ina msimu mbaya na bei ya mnada hupanda na kushuka, asali hutegemea mvua, lakini kambi hulipwa kila mwezi, ukame uwepo usiwepo. Wenye kulalamikia mipaka ya maeneo ya jeshi wapo nchi nzima, na Wizara ya Ulinzi hurudi bungeni na suala la upimaji na fidia bajeti baada ya bajeti. Ila sijapata kumsikia mwenye duka Tabora akiomba brigedi ihamishwe.

Lililobaki likiwasumbua wote, wa gwanda na wa kanzu, lilikuwa maji. Mabwawa ya Igombe na Kazima yalielemewa, na kiangazi foleni za ndoo zilikuwa ndefu. Julai 1858 Speke aliondoka Kazeh kwenda kaskazini kuona kama habari za Waarabu kuhusu ziwa kubwa zilikuwa za kweli. Alifika ufukweni Agosti 3. Miaka hii ya karibuni bomba la mradi wa Ziwa Viktoria limeshuka njia hiyo kinyume, kupitia Nzega, likaingia Tabora. Mita za TUWASA, mamlaka ya maji ya mji, zikafungwa, na bili za mwezi zikaanza kuja.