Kinywa Kimoja, Watu Wengi

Kijana wa Gikondo, jijini Kigali, atakaye kuishi kwa sauti yake hahitaji jumba kubwa. Chumba cha nyumbani, kipaza sauti, kompyuta na mablanketi ya kuzuia mwangwi vyatosha. Lakini kazi hiyo haikuzaliwa na kompyuta.

Vibanda vya video vilipoenea Kampala, watazamaji wengi hawakufahamu lugha za filamu. Basi mtu mmoja alishika kipaza sauti, akapunguza sauti ya filamu na kusimulia. Jambazi, mama na askari wote wakasema kwa kinywa chake. Dar es Salaam alivuma Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, akifasiri kwa Kiswahili. Nchini Rwanda filamu hizo huitwa agasobanuye, yaani kilichofafanuliwa. Huko alitukuka Nkusi Thomas, au Yanga, aliyefariki mwaka 2022.

Wako wanaowashutumu wafasiri hao kwamba walitumia mali ya watu bila idhini, tena wakapotosha maneno. Shutuma ya kwanza ni ya haki. Ya pili hatuikubali yote: walichokosa katika neno walikifidia katika maana, kwa methali na mizaha ya nyumbani.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda. Sisi walimu twafundisha tafsiri kwa vitabu, huku kanda za mabingwa hawa zikichakaa. Tuzihifadhi na kuzisikiliza darasani, kwani sauti isiyotunzwa hufa pamoja na mwenyewe.