Osvaldo Pugliese na Bendi ya Ushirika katika Historia ya Tango

Miongoni mwa viongozi wa bendi waliolijenga tango, muziki wa dansi uliochipuka Buenos Aires na Montevideo mwishoni mwa karne ya 19, Osvaldo Pugliese ana nafasi ya pekee, kwa kuwa namna bendi yake ilivyopiga muziki na namna ilivyogawana mapato vilitokana na imani moja.

Pugliese alizaliwa tarehe 2 Desemba 1905 katika mtaa wa Villa Crespo, jijini Buenos Aires, na baba yake, aliyekuwa mpiga filimbi, ndiye aliyemfungulia mlango wa muziki. Tangu ujanani alipiga piano mikahawani, na kabla hajatimiza miaka 21 alikwisha kutunga "Recuerdo", tango ambalo bendi ya Julio De Caro ililirekodi mwaka 1926 na ambalo hadi leo huhesabiwa kuwa kielelezo cha utunzi uliokomaa.

Mwaka 1936 alijiunga na Chama cha Kikomunisti cha Argentina, na bendi aliyoizindua tarehe 11 Agosti 1939 katika mkahawa wa Nacional aliiendesha kama chama cha ushirika: kila mwanamuziki alipewa alama kulingana na mchango wake, na mapato yakagawanywa kwa alama hizo, kiongozi naye akiwa mmoja wa wanaogawiwa. Wanabendi walitunga na kupanga sauti za ala wao wenyewe, akiwemo Osvaldo Ruggiero, mpigaji mahiri wa bandoneoni, yaani ala ya mvukuto na vitufe inayofanana na kodiani.

Matokeo yake yanasikika wazi katika "La yumba", iliyorekodiwa mwaka 1946, ambamo bandoneoni na fidla hukandamiza kwa pamoja pigo la kwanza na la tatu, huku piano na besi zikijibu kwa sauti nzito ya chini katika la pili na la nne. Kisha mwendo huo hulegea ghafla ili fidla moja iimbe peke yake, jambo lisilowezekana pasipo wanamuziki waliozoeana kwa miaka mingi.

Kwa sababu ya siasa zake Pugliese alifungwa mara kadhaa na muziki wake ukapigwa marufuku redioni, lakini bendi iliendelea kupiga bila yeye, ua jekundu likiwekwa juu ya piano. Hata mwaka 1968, wanamuziki wake kadhaa wakongwe walipoondoka na kuunda Sexteto Tango, aliijenga upya bendi kwa vijana, na tarehe 26 Desemba 1985 akaiongoza katika Teatro Colón, jumba kuu la opera la nchi hiyo.

Alipofariki tarehe 25 Julai 1995, Pugliese alikuwa amethibitisha kwamba usawa miongoni mwa wanamuziki hauipunguzii sanaa ubora, bali waweza kuwa ndio msingi wake.